Krankshafti ya Msalaba ya Yamaha M1: Mfuatano wa Kuwaka Ulitoka Wapi?

Tarehe 18 Aprili 2004, Welkom, Afrika Kusini, mwendeshaji wa pikipiki za mbio Valentino Rossi alishinda mbio zake za kwanza akiwa juu ya Yamaha. Alimwacha Max Biaggi, aliyepanda Honda, kwa sekunde 0.210 tu. Mwaka mmoja kabla, Yamaha hawakushinda hata mbio moja ya MotoGP, mashindano makuu ya dunia ya pikipiki, ilhali Rossi alitwaa ubingwa akiwa Honda. Kufikia mwisho wa msimu huo wa 2004 Rossi alikuwa ameshinda mbio tisa na kuchukua ubingwa tena, safari hii akiwa na pikipiki ambayo wengi waliiona ya kushindwa.

Wengi walisema ni Rossi tu, na kweli hakuna aliyepanda M1, pikipiki hiyo ya mbio ya Yamaha, mwaka ule akaifikisha alikoifikisha yeye. Lakini aliyekuwa na masikio alisikia kwamba injini yenyewe imebadilika. Injini ya silinda nne kwa mstari hulia kwa sauti moja nyembamba inayopanda. Hii ilinguruma kwa kurukaruka, kama vile si silinda nne zilizo kwenye mstari mmoja. Hapo ndipo maelezo yakaenea: Yamaha wamebadili mfuatano wa kuwaka, yaani zamu ambazo silinda hulipua petroli, na tairi la nyuma linashika vizuri zaidi kwa sababu hiyo.

Maelezo hayo bado yanarudiwa leo, nami naona yamelipanga jambo kichwa chini miguu juu. Yamaha walikuwa wanatafuta kitu kingine kabisa, kilichomo kwenye mwendo wa pistoni, na ili wakipate walibadili umbo la krankshafti, shafti inayogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko. Mfuatano mpya wa kuwaka ulikuja baadaye, na aliyeupanga ni kamshafti, shafti inayofungua valvu za kuingiza hewa na kutoa moshi. Mtu asipotenganisha kazi ya shafti hizi mbili hataielewa M1, wala injini nyingine yoyote ya mapigo manne.

Nani anaamua nini

Injini ya mapigo manne humaliza duru yake kwa mizunguko miwili ya krankshafti, yaani digrii 720. Ndani ya mizunguko hiyo kila pistoni hufika juu kabisa mara mbili. Mara moja inafika ikiwa imekandamiza hewa na petroli, inangoja cheche. Mara ya pili inafika ikimalizia kusukuma moshi nje. Ukifungua injini kwa chini na kuitazama pistoni, konrodi (mkono unaoiunganisha pistoni na krankshafti) na krankshafti pekee, huwezi kabisa kujua safari hii ni ipi kati ya hizo mbili, kwa maana mwendo ni uleule. Kinachozitofautisha ni valvu: zimefungwa zote, au ya moshi iko wazi? Na valvu zinaitii kamshafti, ambayo huzunguka mara moja krankshafti inapozunguka mara mbili.

Kwa hiyo krankshafti inaipa kila silinda pembe mbili zinazowezekana, zilizoachana kwa digrii 360. Kamshafti inachagua moja kati ya hizo. Plagi haina kauli. Ukibadilisha nyaya za plagi bila kugusa kamshafti hupati mfuatano mpya, unapata injini inayokohoa na kurusha moto kwenye ekzosi, kwa sababu cheche inatokea wakati ndani ya silinda hakuna kilichokandamizwa.

Chukua silinda nne za kawaida. Pini, yaani sehemu za krankshafti zinazoshika konrodi, za silinda ya 1 na ya 4 ziko upande mmoja wa krankshafti, za 2 na 3 upande wa pili, digrii 180 mbali. Ukiitazama kwa mbele inaonekana bapa. Krankshafti hiyohiyo inakubali mfuatano wa 1-3-4-2, ambao fundi yeyote aliyefungua Corolla anaujua kwa moyo, na inakubali 1-2-4-3, uliotumika kwenye Yamaha R1, pikipiki ya barabarani, za kabla ya 2009. Tofauti ya injini hizo mbili, kwa upande wa mfuatano, iko kwenye kamshafti: silinda ya 2 na ya 3 zimebadilishana zamu. Krankshafti haina habari.

Pistoni nne zinaposimama pamoja

Sasa turudi kwa Yamaha. Masao Furusawa, aliyekabidhiwa kazi za mbio za kiwanda hicho mwaka 2003, alikuwa mhandisi aliyeshughulika na mitetemo. Hoja yake ilikuwa kwamba nguvu ya kuzungusha inayotoka kwenye krankshafti ina sehemu mbili zilizochanganyika. Moja inatokana na mlipuko wa petroli, na hiyo ndiyo anayoiomba mwendeshaji anapofungua mafuta. Nyingine inatokana na uzito wa pistoni zenyewe, zinaposimama na kuanza kukimbia tena. Hii ya pili hakuna aliyeiomba.

Tuipime kwa namba za injini iliyokuja kuuzwa madukani, R1 ya 2009, yenye sentimita za ujazo 998. Pistoni yake inasafiri milimita 52.2 kutoka juu hadi chini. Krankshafti ikizunguka mara 13,000 kwa dakika, kila pistoni inasimama kabisa mara 433 kwa sekunde, na kati ya kusimama huko mwendo wake wa wastani unapita mita 22 kwa sekunde. Nguvu ya kuikimbiza inatoka kwenye krankshafti. Inapopunguza mwendo kuelekea kusimama, inarudisha nguvu ileile kwenye krankshafti. Ni mkopo na marejesho, mamia ya mara kwa sekunde.

Kwenye krankshafti bapa, mbili zinapokuwa juu kabisa, mbili zilizobaki ziko chini kabisa. Zote nne zimesimama kwa wakati mmoja. Digrii 90 baadaye zote nne ziko karibu na mwendo wao mkubwa kuliko wote. Kwa hiyo zinakopa pamoja na zinarudisha pamoja, mara mbili kila mzunguko, na krankshafti inavutwa nyuma na kusukumwa mbele. Mkopo huo unakua kwa mraba wa kasi: mizunguko ikiongezeka maradufu, mkopo unakuwa mara nne. Mlipuko wa petroli haukui hivyo. Ndiyo maana kwenye gari la mizigo linalozunguka mara 2,500 kwa dakika hili si jambo la kumnyima mtu usingizi, lakini kwenye injini ya mbio inayopita 15,000 mshtuko wa pistoni unaweza kuushinda ule wa petroli.

Furusawa aliuita mshtuko huo kelele, kama mkwaruzo wa redio unaofunika sauti ya msomaji wa habari. Mwendeshaji yuko katikati ya kona, pikipiki imelala, tairi la nyuma liko ukingoni mwa kuteleza, anafungua mafuta kidogo sana. Anachohitaji kukisikia kupitia tairi ni jibu la kidole chake tu. Anachopata ni jibu hilo likiwa limezama ndani ya mvutano wa pistoni.

Dawa yake ni ya kijiometria na, kusema kweli, ni nzuri mno. Weka pini za krankshafti kwenye pembe za 0, 90, 180 na 270 badala ya mbili huku na mbili kule. Ukiitazama kwa mbele inaonekana msalaba. Sasa pistoni mbili zinaposimama, mbili nyingine ziko karibu na kasi yao kubwa. Zinazopunguza mwendo zinazipa nguvu zile zinazoongeza. Mkopo unalipwa ndani kwa ndani, na krankshafti inabaki ikizunguka kwa utulivu. Hauishi wote, kwa sababu konrodi huinama na kufanya kasi kubwa ya pistoni isitokee katikati kamili ya safari, lakini sehemu kubwa ya mkwaruzo inakwisha.

Angalia kwamba hadi hapa hatujataja kuwaka hata mara moja. Faida hii yote ingekuwepo hata kama injini ingezungushwa na mota ya umeme bila tone la petroli.

Chaguo nane, midundo miwili

Krankshafti ya msalaba ikishawekwa, mfuatano wa zamani wa digrii 180 kwa 180 hauwezekani tena. Pistoni hazifiki juu kwa nafasi hizo. Basi ni upi unawezekana?

Zoezi hili mtu anaweza kulifanya kwenye karatasi. Tuseme silinda ya 1 inawaka kwenye digrii 0. Kwa mpangilio wa pini wa R1, silinda ya 2 inafika juu kwenye 90 na tena kwenye 450. Silinda ya 4 kwenye 180 na tena 540. Silinda ya 3 kwenye 270 na tena 630. Kila moja ya hizo tatu ina nafasi mbili, kwa hiyo kamshafti ina chaguo nane kwa jumla. Ukiziandika zote nane na kupima umbali kati ya mlipuko na mlipuko, unakuta zinajikusanya katika midundo miwili tu. Nne kati yake zinatoa milipuko yote minne kwa mkupuo, ikiachana kwa digrii 90, kisha kimya cha digrii 450. Nne zilizobaki zinatoa 270, 180, 90, 180.

Yamaha walichukua mdundo wa pili kwa R1. Sioni ubishi kwenye uamuzi huo: ule wa kwanza unabana kazi yote ndani ya digrii 270 na kuacha cheni, giya na klachi zikipokea kipigo kimoja kizito, kisha hakuna kitu kwa zaidi ya mzunguko mzima.

Lakini hata ndani ya mdundo wa pili kuna mifuatano minne: 1-2-3-4, 1-4-3-2, 1-4-2-3 na 1-3-2-4. Kwa masikio ni sauti moja. Kwa krankshafti si kitu kimoja. Tazama ile nafasi fupi ya digrii 90, ambapo silinda mbili zinawaka karibu sana. Kwenye 1-2-3-4 mbili hizo ni ya 1 na ya 2, majirani. Kwenye 1-4-3-2 ni ya 4 na ya 3, majirani tena. Beringi iliyo katikati yao inapigwa na milipuko miwili kabla haijapumua. Kwenye mifuatano miwili iliyobaki, jozi hiyo ya karibu haina ujirani. R1 ya 2009 inawaka 1-3-2-4, na digrii 90 zinaangukia kati ya silinda ya 2 na ya 4, huku ya 3 ikiwa katikati yao. Hapa pia krankshafti haikubadilishwa hata kwa unywele. Uchaguzi wote umeandikwa kwenye kamshafti.

Unaweza kuusoma huko kwa macho. Kwa kuwa kamshafti inazunguka nusu ya mwendo wa krankshafti, kila pembe inagawanywa kwa mbili. Kwenye injini ya kawaida nundu za kamshafti, zile zinazosukuma valvu, za silinda zinazofuatana kuwaka zimeachana kwa digrii 90 kila moja, unaona mpangilio uliotulia. Kwenye R1 ya 2009 zimeachana kwa 135, 90, 45 na 90. Ukiishika kamshafti hiyo mkononi utadhani aliyeichonga alikosea.

Kwa nini watu walielewa vingine

Kosa la kuusifu mfuatano lina historia, na si la kijinga. Mwaka 1992 Honda waliipeleka pikipiki yao ya NSR500 kwenye mbio ikiwa na silinda nne zinazowaka zote ndani ya takriban digrii 70, kisha kimya hadi mzunguko unaofuata. Mick Doohan aliipanda na ilikuwa na kasi ya kutisha. Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba tairi linapigwa mara moja, linateleza kidogo, kisha linapata muda wa kushika tena kabla ya kipigo kinachofuata.

Ila NSR500 ilikuwa ya mapigo mawili. Injini ya namna hiyo haina kamshafti. Silinda huwaka kila pistoni inapofika juu, hakuna safari ya pili ya kutoa moshi, hivyo hakuna cha kuchagua. Umbo la krankshafti na mfuatano wa kuwaka ni kitu kimoja. Huwezi kugusa kimoja ukaacha kingine. Mtu aliyejifunza jambo hili kwenye pikipiki za mapigo mawili alikuwa na haki ya kuyachukulia yote kama jambo moja. M1 ilipokuja na krankshafti ya ajabu na sauti ya ajabu, maelezo ya 1992 yakahamishiwa kwake yakiwa mazima.

Kwenye mapigo manne mambo hayo mawili yanatengana, na zile chaguo nane ndizo zinazoonyesha hivyo. Yamaha wangeweza kuchukua krankshafti ya msalaba na kuipa mdundo wa 90-90-90-450, na ule mkwaruzo wa pistoni ungekwisha kwa kiwango kilekile. Mlipuko usio sawa huenda nao unamsaidia mwendeshaji kuhisi tairi, na siukatai mchango huo. Lakini haukuwa ndio sababu ya kutengeneza krankshafti mpya.

Majaribio ya Januari 2004 kule Sepang, Malaysia, yanaonyesha walivyolifikiria. Rossi aliwekewa injini nne: mbili za valvu tano kwa kila silinda, mbili za valvu nne, na katika kila jozi moja ina krankshafti bapa na nyingine ya msalaba. Juu ya injini, kwenye valvu, na chini, kwenye krankshafti, vilijaribiwa kila kimoja kwa upande wake. Akachagua valvu nne na msalaba. Kwa Yamaha, walioishi na valvu tano kwa miaka mingi, hilo la valvu halikuwa jambo dogo pia.

Gharama yake

Krankshafti ya msalaba haiji bure. Kwenye krankshafti bapa, nusu ya kushoto ya injini na nusu ya kulia zinafanya mambo yanayofanana kama kwenye kioo, kwa hiyo injini haiyumbi upande. Kwenye msalaba, pistoni ya 1 inapopanda ya 4 inashuka, na injini inataka kupepesuka kushoto na kulia kila mzunguko. R1 ya 2009 ikalazimika kubeba shafti ya kusawazisha inayozunguka kinyume na krankshafti ili kuituliza. Hiyo ni chuma zaidi, beringi zaidi na msuguano zaidi, kwenye pikipiki iliyokuwa na kilo 206 ikiwa imejaa mafuta. Kwa upande mwingine, ule mtetemo mwembamba wa mara mbili kwa mzunguko, unaowafanya waendeshaji wa silinda nne wafe ganzi mikononi, unafutika wenyewe. Kwa sababu hiyo hasa Cadillac waliweka krankshafti ya msalaba kwenye V8 yao, injini ya gari ya silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V, mwaka 1923, ili abiria wasitetemeshwe.

Moto nao unabadilika. Injini nyingi za silinda nne zinaweza kutumia koili moja kwa silinda mbili zinazofika juu pamoja. Cheche moja inafanya kazi, nyingine inapotea kwenye moshi bila madhara. Kwenye msalaba hakuna pistoni mbili zinazofika juu pamoja, kwa hiyo kila silinda inahitaji koili yake.

Yamaha waliona gharama hiyo inalipa. R1 ya 2009 iliuzwa kwa umma ikiwa na krankshafti hiyo, na mwaka huohuo Ben Spies akaitumia kutwaa ubingwa wa dunia wa Superbike.

Anayetaka kuona upande wa pili wa jambo hili, ambapo krankshafti inabaki na kamshafti pekee inabadilika, atazame V8 za Chevrolet. Kwa miongo mingi zilikuwa zikiwaka 1-8-4-3-6-5-7-2. Injini ya LS1 iliyotoka na gari la Corvette mwaka 1997 inawaka 1-8-7-2-6-5-4-3. Silinda ya 4 imebadilishana zamu na ya 7, na ya 3 imebadilishana na ya 2. Jozi hizo hazikuchaguliwa ovyo: pistoni ya 4 na ya 7 hufika juu pamoja, na ya 3 na ya 2 vivyo hivyo. Krankshafti ilishazipa ruhusa tangu zamani. Watengenezaji wa kamshafti za mbio wanauza shafti zenye mabadilishano hayo kwa ajili ya V8 za zamani, na anayeifunga analazimika kuhamisha nyaya za plagi zifuate.

Kwa fundi anayefungua R1 ya 2009 kwa mara ya kwanza, jambo la kuangalia liko karibu zaidi. Kwenye R1 ya 2008 ukiileta pistoni ya 1 juu na kupenyeza kijiti kwenye tundu la plagi ya silinda ya 4, utaikuta nayo iko juu. Kwenye ya 2009 kijiti hicho kitazama hadi chini kabisa, na za 2 na 3 utazikuta katikati ya safari. Usidhani cheni imeruka meno. Funga cheni ya kamshafti kwa alama za kiwanda za injini hiyo, na usikopeshe kamshafti ya mwaka mmoja kwa krankshafti ya mwaka mwingine, kwa sababu nundu za ile ya 2008 zitafungua valvu za silinda tatu pistoni zikiwa mahali pengine kabisa, na valvu itakutana na pistoni kabla injini haijamaliza mzunguko wake wa kwanza.